Barua kwa mwanangu: unga acha, beba ndizi mshare

Mbuyuni, Moshi

Mwanangu Neema,

Salamu zako nimezipata, na picha ya Elia na meno yake mawili nimeionyesha soko zima. Umeniuliza swali moja: likizo ikiisha, mkirudi Ujerumani, huko Leipzig, Januari, mbebe unga wa sembe kilo ngapi, maana wa huko haushikani. Nitakujibu. Ila kwanza niambie, wa huko upi? Umeandika "unga wa mahindi" kana kwamba kwenye zile rafu kuna mmoja.

Jina haliivi, mama. Nilikuambia hivyo tangu ukiwa mdogo unanisaidia kuchambua maharage hapa dukani, na leo nakuambia tena. Huko kuna vitu vinne vya mahindi, na vyote utavikuta sehemu moja vimejipanga vizuri, ila havipikwi sawa.

Polenta ni chenga za mahindi ya njano. Nahisi ndiyo inayokusumbua. Haishikani kwa sababu chembe zake ni kubwa na hazinywi maji haraka: ukionja nje umeiva, ndani bado mchanga. Kama ndiyo uliyo nayo, usiisonge moja kwa moja. Pika uji wake kwanza, kikombe kimoja kwa vikombe vitatu vya maji, moto mdogo, ukoroge na kufunika kwa dakika 15. Baada ya hapo ndipo ukaze kwa unga laini. Huo unga laini unaitwa Maismehl, mara nyingi ni wa njano, na wenyewe unasongeka bila shida ukishazoea rangi. Wa tatu ni mweupe, ule wanaotumia watu wa Venezuela na Kolombia kwa vimkate vyao. Huo umeshapikwa kiwandani. Ukiutia kwenye maji yanayotokota unashika mabonge hapo hapo, hata mwiko wa bibi yako usiyavunje. Unataka maji ya vuguvugu, na bado hautakuwa ugali.

Wa nne ni Maisstärke. Huo tusiuseme.

Haya, tuuseme. Miaka 22 nauza nafaka. Nipe unga gizani, nitakuambia kwa kidole umekobolewa mara moja au mbili. Halafu nilipokuja kukulea uzazi, ukiwa umelala na mtoto, nikajipeleka dukani peke yangu, nikaona pakiti nyeupe imeandikwa Mais, nikachukua nne. Nne! Kwenye sufuria ukaanza mweupe kama maziwa, mara ukang'aa, mwiko ukawa unavutika kama uko kwenye gundi ya seremala. Ni wanga mtupu ule, wa kukazia mchuzi. Kila kingine kilichomo kwenye punje kimeondolewa, kwa hiyo hauna cha kuufanya usimame. Na baba Elia, mtu wa Machame, akala tonge kwa tonge akasema, "Asante mama, umeiva." Angecheka ningeshasahau.

Alama yake nimeijua baadaye. Ukiibonyeza pakiti ya wanga kwa vidole unalia, kwicha kwicha, kama viatu vipya. Sembe hailii.

Kwa hiyo unga wa kweli upo huko huko. Nenda Eisenbahnstraße kwenye maduka ya Waafrika, tafuta uliotajwa kuwa wa mahindi meupe, uliosagwa laini. Angalia tarehe, na ukifungua nusa: ukinuka kama mafuta ya zamani rudisha. Dona ndiyo huharibika upesi zaidi, kwa sababu kiini kimebaki na mafuta yake. Bei isome ile ndogo iliyo chini ya kubwa, ya kilo moja. Pakiti ya gramu 500 hujifanya rahisi. Kule hakuna sado wala nyongeza, mizani ndiyo imesema.

Na maharage pia usibebe. Kwa Waturuki kuna barbunya, yana madoa mekundu, kwa mbali yanafanana na mbegu yetu ya Lyamungu 90. Yale mekundu matupu yaloweke usiku, maji yamwage, halafu yatokote kwa nguvu si chini ya dakika 10 kabla hujapunguza moto. Yakiiva polepole tangu mwanzo yanaumiza tumbo, yana sumu inayotaka moto mkali. Yakigoma kulainika, ni maji yenu yenye chokaa; si umeona birika lilivyoota ukoko? Tia nusu kijiko cha chai cha kile kipakiti kinachoitwa Natron. Nilicheka nilipokiona, jina la ziwa letu. Lakini magadi yetu ni makali zaidi ya kile, kwa hiyo hata hapo jina haliivi. Mtindi ulio karibu na wetu ni Dickmilch. Mfupa wa supu mwambie muuza nyama Beinscheibe, ni muundi uliokatwa na uboho wake katikati. Vya kununua vinunue Jumamosi, Jumapili maduka yamefungwa na hutapata hata chumvi.

Sasa nikuambie kitu ambacho hukuniuliza. Usichokipata huko ni ndizi.

Zile wanazoziita Kochbananen, yaani ndizi za kupika, si ndizi za kupika zetu. Ni mzuzu. Mzuzu ni wa kuchoma na kukaanga. Ukiutia kwenye mtori unakuwa mzito kama udongo na una utamu usiotakiwa. Tuliutumia wakati wa uzazi wako kwa sababu hatukuwa na la kufanya, nikachanganya viazi vile vya mehligkochend, vinavyovurugika vikiiva, kiazi kimoja kwa mizuzu mitatu, ukanywa. Ulikunywa kwa njaa, nakujua. Mtori ni mshare, ndizi yetu ya Uchagani, basi. Baba yako anasema ndizi ni ndizi, lakini baba yako hamenyi.

Na mshare unaruhusiwa kuingia. Tangu tarehe 14 Desemba 2019 abiria haingizi matunda wala mboga mbichi Umoja wa Ulaya bila cheti cha afya ya mimea, isipokuwa matunda matano: nanasi, nazi, duriani, tende na ndizi. Parachichi la shangazi yako halipiti, embe halipiti. Samli ya bibi haipiti kabisa, wala nyama hata iliyokaushwa, kwa hiyo mweleze bibi mapema asije akakufungia kwa siri. Asali mwisho kilo 2 kwa mtu.

Nitakuchagulia mimi. Chane iliyokomaa pembe zake zimeanza kuviringika, na kikonyo ukikikata utomvu unatiririka. Ukikauka, hizo ni za juzi. Nitazitenganisha moja moja, nibakize kikonyo kidogo, zilale usiku mmoja utomvu ukauke ndipo nizifunge kwenye magazeti. Zikifika usiziweke kwenye friji wala barazani. Chini ya nyuzi 13 hivi ganda linaharibika, linakuwa jeusi na ndani zinagoma kuiva. Siku ya pili zimenye zote, paka mafuta mikononi kwanza, uzitumbukize kwenye maji yenye ndimu. Zichemshe dakika 10, chuja, zipoe, gawa mifuko ya mtori mmoja mmoja, ndipo uzigandishe. Ukizigandisha mbichi zitakuwa kama sponji.

Sasa, unga kilo ngapi. Nimeshakuambia upo huko, na begi ni kilo 23, kila kilo ya sembe imekula chane. Ingawa sembe ya hapa ina harufu yake, sikatai. Elia naye anaanza uji, na uji wa kwanza wa mtoto... Hapana. Wewe ni mtu mzima na begi ni lako, mimi sisemi. Ningelazimishwa ningesema mbili. Lakini sisemi.

Mkungu nitaukata siku mbili kabla ya ndege yenu, nao uko tayari umeshaanza kuinama kule kihambani. Muulize baba Elia begi lake litabaki na nafasi kiasi gani, na umwambie asijaze viatu.

Mama yako