Tuulize Safari: Mama anaenda kutibiwa miguu Bagnoles, tutembee wapi?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mama yangu miguu inamvimba na mishipa imejitokeza kabisa, daktari wake amemwandikia tiba ya maji Bagnoles-de-l'Orne kule Normandie, Ufaransa, wiki tatu, na mi ndo nitamsindikiza. Nimeambiwa tiba ni nusu siku tu, sasa hiyo nusu nyingine tutakaa chumbani tunaangaliana? Mi napenda sana kutembea msituni ila mama anaogopa vilima na anachoka haraka. Kuna njia ambazo hata yeye anaziweza?
– Kitinda Mimba, Créteil

JIBU: Marahaba mwanangu, na mama mpe salamu zangu. Kabla sijataja njia hata moja naomba umwondoe hofu, Bagnoles ni mji uliozoea watu wenye miguu inayouma. Maji yake yanatoka ardhini na uvuguvugu wa kama digrii 25 na yanajulikana hasa kwa mishipa ya damu ya miguu na baridi yabisi, kwa hiyo nusu ya watu utakaowakuta wanatembea polepole na kukaa kwenye mabenchi wako kwenye tiba kama yeye, hakuna atakayemshangaa akipumzika kila baada ya hatua chache.

Pia mwambie kutembea kwenyewe ni sehemu ya dawa, asije akadhani unamburuza kwa starehe zako. Mtu akitembea misuli ya shavu la mguu inaikamua ile mishipa na damu inasukumwa kurudi juu kwenye moyo, akisimama tu au akikaa saa nyingi damu inatuama chini na mguu unavimba. Ila joto linaharibu, linaipanua mishipa, kwa hiyo kama mnaenda mwezi wa saba au wa nane tembeeni asubuhi au jioni na mfuate kivuli, na kama daktari amempa soksi za kubana azivae safarini, zisibaki kwenye sanduku.

Sasa njia. Tiba ni siku 18, kwa kawaida siku sita kwa wiki, na zile siku za mwanzo watu wengi wanajisikia wamechoka kuliko walivyokuja, hiyo ni kawaida. Wiki ya kwanza msimpeleke mbali. Mzungusheni ziwa tu. Lipo katikati ya mji, dogo, kasino iko pale pembeni, njia ni tambarare na kwa mwendo wa taratibu kabisa mnalimaliza bila yeye kuhema. Akiliweza hilo kwa raha muongezee Allée du Dante, njia inayofuata mto Vée kutoka ziwani hadi kwenye jengo la tiba, upande mmoja mto, upande mwingine miti na miamba inakuzidi kimo. Mi hiyo njia ndo naipenda kuliko zote za pale mjini, asubuhi mapema kabla wagonjwa hawajajaa. Na ina faida kwamba mama anaweza kuitumia kwenda kwenye matibabu yake badala ya kupanda gari, halafu mazoezi yanakuwa yameshafanyika bila mtu kuyaita mazoezi.

Hapo hapo kwenye lile korongo mtaona miamba miwili mirefu inayoitwa Saut du Capucin, yaani mruko wa mtawa, na msiipite hivi hivi, mama atafurahia hadithi yake. Wanasema bwana mmoja wa zamani, Hugues de Tessé, alikuwa na farasi mzee aitwaye Rapide, alichoka naye akamwacha msituni ajifie, baada ya muda farasi akarudi ana nguvu kama kijana. Bwana akamfuatilia akaikuta chemchemi, akaoga na yeye, ujana ukamrudia. Halafu mtawa mmoja mzee naye akaoga, akapata nguvu hadi akaruka kutoka mwamba mmoja hadi wa pili. Ni ngano bila shaka, ila ukisimama chini ukaangalia ule upana unaelewa kwa nini watu walipenda kuisimulia.

Wiki ya pili nendeni kwenye mwamba wa Roc au Chien. Hapa kuna mwinuko sikufichi, ila msipande kutoka bondeni, zungukeni kwa upande wa kasri la Roche Bagnoles. Hilo ni jengo la karne ya 19 ambalo sasa ni ofisi za manispaa, na bustani yake iko wazi, ina miti mikubwa iliyoletwa kutoka nchi mbalimbali, hadi sequoia za Marekani zipo. Mkishafika kule kwenye mwamba mnaona ziwa upande mmoja na bustani ya tiba upande wa pili, yaani mji wote mnauona kwa mara moja. Mama akichoka kabla ya kufika basi muishie kwenye bustani, miti peke yake inatosha mchana mzima.

Siku ya mvua (na zipo, Normandie ndo hiyo, manyunyu yanakuja bila taarifa) pitieni mtaa wa Belle Époque, nyumba za mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, vibaraza vya mbao, matofali ya rangi rangi, madirisha yaliyotokeza nje. Ni lami kwa hiyo hakuna tope.

Msitu wa Andaine ndo kwa ajili yako wewe. Una zaidi ya hekta 5,000, mialoni na misonobari na miti mingine mirefu, na unaanza pale pale nyumba zinapoishia, hupandi basi wala nini. Njia nyingi ni pana na hazina milima ya kutisha. Mama akiwa kwenye matibabu au amelala miguu juu (na alale hivyo baada ya tiba, asibishe) wewe chukua saa zako mbili uingie. Wiki ya tatu mchukue na yeye kipande kifupi, mwende dakika ishirini, mkae, mrudi. Kipimo chenu kisiwe kilomita, kiwe miguu yake ya siku ile. Mkipata gari muombe mtu awapeleke mnara wa Bonvouloir, ni karibu, mabaki ya ngome ya karne ya 15, mwembamba umesimama peke yake kwenye majani, nao wanauhusisha na yule yule Hugues na farasi wake.

SWALI: Mambo. Nipo Paris, sina gari wala leseni, nataka kwenda Bagnoles wikendi tu kutembea, sio kutibiwa. Inawezekana au mpaka niwe na gari? Na mwezi gani mzuri?
– Msafiri wa Jumamosi

JIBU: Inawezekana vizuri tu. Panda treni ya njia ya Paris kwenda Granville, shuka stesheni ya Briouze, ni zaidi kidogo ya saa mbili, halafu hapo unachukua basi hadi Bagnoles. Angalia muda wa basi KABLA hujakata tiketi ya treni maana basi ndo linaloamua safari yako, hasa Jumapili yanapungua sana, ukikosa moja unaweza kukaa Briouze hadi ukaijua kila nyumba.

Mwezi, mi ningeenda wa nne au wa sita. Katikati ya mwezi wa nne kule upande wa mji wa Domfront mipeasi inachanua, miti mirefu mizee nyeupe tupu katikati ya malisho ya ng'ombe, sijaona kitu kinachopendeza hivyo pande zile. Hayo mapea ndo wanatengenezea poiré ya Domfront, kinywaji chao chenye jina linalolindwa kisheria tangu 2002. Kina kilevi, kama hutumii omba juisi ya mapea ya kawaida. Mwezi wa sita faida yake ni mwanga, jua linazama karibu saa nne usiku, hata ukifika Ijumaa jioni bado ziwa unalizunguka kabla hujalala. Mwezi wa kumi na mbili saa kumi na moja jioni giza limeshaingia, huko msituni usikawie.

Na kama unaendesha baiskeli, njia ya Véloscénie inayotoka Paris hadi Mont-Saint-Michel inapita hapo hapo Bagnoles.

SWALI: Shangazi eti bima ya afya ya Ufaransa inalipa hizi tiba za maji? Jirani kaniambia, mi naona kama ananidanganya.
– Sina Uhakika

JIBU: Hajakudanganya. Daktari wako akikuandikia na bima wakakubali ombi, wanarudisha asilimia 65 ya gharama za matibabu, mara moja kwa mwaka. Nauli na malazi ni kitu kingine, hayo wanaangalia kipato chako, wengi hawapati. Anza kwa daktari, usianze kwa hoteli. Na ukifika Bagnoles kuna daktari wa pale anayekuangalia kwanza, huyo ndo umuulize kutembea kiasi gani kunakufaa wewe.

SWALI: Naogopa kupotea. Wenzangu wanasema fuata rangi kwenye miti, rangi gani?
– Mama Wawili, Le Mans

JIBU: Ni rahisi dada usiogope. Mstari wa njano ni njia fupi za mizunguko, zile za kumaliza siku hiyo hiyo na kurudi ulipoanzia, hizo ndo zako. Nyeupe juu na nyekundu chini ni njia ndefu za kuvuka mikoa, ukiifuata hiyo bila ramani unaweza kujikuta unaelekea wilaya nyingine. Ukiona rangi zimechorwa msalaba maana yake siko huku, rudi ulipoiona alama ya mwisho. Ukitembea kama dakika kumi hujaona alama yoyote pia rudi. Pita ofisi ya utalii uchukue ramani ya karatasi, simu msituni mtandao unakatika, na namba ya dharura iweke kichwani, 112.

SWALI: Tunataka kwenda mwezi wa kumi, tumesikia ni msimu wa uwindaji, na kupe je? Na uyoga unaruhusiwa kuchuma?
– Sisi Watatu

JIBU: Uwindaji Ufaransa unaanza karibu mwezi wa tisa hadi mwisho wa mwezi wa pili, ni kweli. Ulizeni ofisi ya utalii wanawinda siku gani na sehemu gani, vaeni rangi inayoonekana, na mkikuta kibao kimeandikwa "chasse en cours", yaani uwindaji unaendelea, geukeni tu msijadili. Mkiweza kuwahi mwezi wa tisa mwishoni nendeni jioni ukingoni mwa msitu mkasikilize kulungu wakubwa wa pale wenye pembe za matawi, madume wanaunguruma kuita majike, sauti inafika mbali mno. Kaeni mbali, bila tochi.

Kupe wapo, hasa kwenye majani marefu. Suruali ndefu, iingizeni ndani ya soksi, na jioni mkaguane, nyuma ya magoti, kwapani, kinenani, kwenye nywele. Famasi zote zinauza kale kadude ka kumng'olea, msimpake mafuta wala kumchoma. Siku au wiki zikipita ukaona duara jekundu linapanuka pale alipong'ata, daktari moja kwa moja, hata kama haliumi.

Uyoga, msitu ni wa serikali na wanavumilia kuchuma kwa matumizi ya nyumbani, lita tano kwa mtu kwa siku, si wa kuuza. Wekeni kwenye kikapu sio mfuko wa plastiki, na kabla haujagusa sufuria upelekeni famasi wauangalie, wafamasia wengi wa Ufaransa wanafanya hivyo. Akisema hana uhakika na mmoja, utupwe huo, pamoja na uliokuwa umegusana nao kwenye kikapu.