Jibu: kwa nini ramani ya kiwanja (Arc 1960) na GPS ya simu hazikubaliani

Mkuu, umesema GPS ya simu inakuonyesha kiwanja chako sehemu tofauti na ramani, hujaibiwa kiwanja, tulia kwanza 😀 hiyo Arc 1960 ni mfumo wa zamani wa vipimo na simu yako inatumia WGS84, mfumo wa dunia nzima wa GPS, ukichanganya namba zao za mahali (koodineti) bila kuzibadilisha unaruka karibu mita 300 hivi kwa huku kwetu. Asili ya Arc 1960 ni David Gill, mwanaastronomia wa Cape huko Afrika Kusini, mwaka 1879 alitaka mnyororo wa pembetatu toka Afrika Kusini hadi Misri kufuata nyuzi 30 mashariki, ndo maana ulipita kule upande wa Kigoma na magharibi mwa Uganda. Walikuwa wanapima mstari mmoja tu ardhini kwa umakini wa ajabu, halafu wanapanda milimani na theodolaiti kupima pembe, urefu wa pande zingine zote unatoka kwenye hesabu, wakifika mbali wanapima mstari mwingine kuona kama makosa yamejilimbikiza. Kipande cha mwisho cha mnyororo kilikamilishwa Sudan 1954, miaka 75 hiyo! Sasa mwambie sevea akubadilishie hizo koodineti, na bikoni (alama za mipaka ya kiwanja) usizing'oe.