Jibu: Mafunzo ya usalama wa mgonjwa kwa sisi wa zahanati, tuanzie wapi?

Sista, nimekusoma. Umeajiriwa zahanati ya huko Kaliua, mko watatu, kila ikija barua ya mafunzo anaondoka mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati, na wewe unataka kujifunza usalama wa mgonjwa. Umeuliza pia kama kozi za bure za mtandaoni zina maana yoyote. Waliotangulia wamekujibu "andika barua kwa DMO", yaani Mganga Mkuu wa Wilaya. Andika, sikukatazi. Ila mimi nimezeekea kwenye leba za mkoa huu wa Tabora, kuanzia zahanati ambako mama wa rufaa alikuwa anapakizwa kwenye bodaboda, na jibu langu ni refu kidogo.

Usiumie sana kwa kuikosa semina. Semina zetu tunazijua: mkoba, daftari, chai ya saa nne, picha ya pamoja, cheti. Posho nayo siibezi, mishahara yetu inafahamika. Lakini anayerudi kutoka semina anarudi na makabrasha, na wenzake wawili waliobaki zamu hawajabadilika chochote. Mama akitoka damu saa nane usiku, makabrasha yamefungiwa kwenye kabati la ofisi.

Haya si maneno ya mtu aliyekosa semina. Hospitali ya Haydom, kule Mbulu, walilipima. Waliwafundisha wahudumu kwa siku moja namna ya kumsaidia mtoto asiyepumua, yale mafunzo yanayoitwa Helping Babies Breathe. Kwenye mdoli watu walifanya vizuri kuliko mwanzo. Walipoangaliwa wakihudumia watoto wenyewe leba, kazi ilikuwa ileile ya zamani. Baadaye wakageuza utaratibu: mazoezi mafupi, palepale kazini, yakirudiwa mara kwa mara. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Wakunga walewale, leba ileile.

Utaratibu huo ndio uliokuja kupanuliwa na programu ya Safer Births katika vituo 30 vya mikoa mitano: Manyara, Geita, Shinyanga, Mwanza na huku kwetu Tabora. Matokeo yalichapishwa mwaka 2025. Vifo vya akina mama vilishuka kutoka takriban 240 hadi takriban 60 kwa kila vizazi 100,000, na vifo vya watoto wachanga pamoja na wanaozaliwa wafu kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila 1,000. Vifaa vipya vilikuwepo pia, vya kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto na vya kufanyia mazoezi, kwa hiyo sitakuambia ni mazoezi peke yake. Lakini mtu wa Tabora akikuambia mafunzo ya maana yako Dar au Dodoma tu, mwambie hajui kilichofanyika mkoani kwake.

Sasa tuje kwenye zahanati yako.

Zoezi lenyewe halizidi robo saa. Mnalifanya wakati wa kubadilishana zamu, kwa kuwa ndipo mnapokuwa wawili au watatu. Mmoja anashika mdoli, mmoja anashika saa, wa tatu anaangalia kimya. Mtoto katoka, halii. Mkaushe, umsisimue, usafishe njia ya hewa kama kuna uchafu, bado hapumui? Ambu, ule mfuko wa kumpulizia hewa, iwe usoni na hewa iwe imeanza kuingia kabla ya dakika moja kuisha. Dakika hiyo wanaiita ya dhahabu. Ni fupi kuliko unavyodhani, jaribuni muone. Mkimaliza, aliyekuwa anaangalia anasema alichokiona. Hasemi "umekosea". Anasema "sekunde ya arobaini ulikuwa bado unatafuta maski".

Na hapo ndipo zoezi linaposhinda semina, kwa sababu linafanyika mahali penye matatizo yenu wenyewe. Kuna kituo nilichofanya kazi ambako mazoezi ya kwanza yalifichua kwamba ambu ya watoto ilikuwa imefungiwa stoo, na ufunguo ulikuwa na mtu aliyekwenda mjini kufuata mshahara. Mtaalamu gani wa hotelini angeliona hilo? Kwingine maski iliyokuwepo ilikuwa ya mtu mzima.

Wiki nyingine fanyeni damu baada ya kujifungua. Nani anaita msaada, nani anakanda mfuko wa uzazi, oksitosini, ile dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, iko wapi na ilikuwa kwenye friji kweli au dirishani kwenye jua letu hili, nani anapiga simu ya gari. Halafu damu ipimeni, msiikadirie kwa macho. Macho yanatudanganya sote, hata sisi wazee. Utafiti wa E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali 80 za nchi nne za Afrika, Tanzania ikiwemo, ulitumia shuka la plastiki lenye mfuko uliowekewa alama za vipimo, pamoja na kutoa matibabu yote kwa mkupuo badala ya moja moja, na damu nyingi ya hatari ikapungua kwa asilimia 60.

Mdoli utautoa wapi? Muulize mratibu wa afya ya uzazi wa wilaya, huwa anajua upo kabati gani. Ipo midoli iliyoletwa na miradi na haijatolewa kwenye boksi. Na timu ya wilaya ikija kwenye usimamizi shirikishi, usiwaache wasaini kitabu cha wageni na kuhesabu rejista tu. Waombe nusu saa: "Bosi, tusimamie zoezi moja." Nimeona wengi wanafurahi, maana kukagua rejista kunawachosha hata wao.

Barua kwa DMO sasa. Usiombe "mafunzo", hilo ombi halina pa kushikia. Omba wiki chache za kufanya kazi leba yenye wazazi wengi, kwenye hospitali za Kitete au Nkinga hapa mkoani, chini ya mkunga mzoefu. Kwa idadi ndogo ya wazazi mnaowapokea zahanati, mtoto asiyepumua unaweza kukaa muda mrefu bila kumuona, na mkono unasahau.

Na kozi za mtandaoni je? Zina maana, ila ujue zinakupa nini. OpenWHO, jukwaa la mtandaoni la Shirika la Afya Duniani, lilikuwa na kozi za bure za kunawa mikono na kuzuia maambukizi, zenye cheti. Mwishoni mwa 2024 shirika hilo lilifungua pia WHO Academy, makao yake Lyon, Ufaransa, nayo inafundisha mtandaoni. Upo pia mtaala wa shirika hilohilo wa usalama wa mgonjwa wa mwaka 2011, wa bure, mkubwa, unaeleza vizuri kwa nini makosa hutokea kwa watu wazuri. Pakua usiku mtandao ukitulia. Kiingereza ni kingi, jiandae. Kuhusu leseni, Baraza la Uuguzi na Ukunga linataka uthibitisho kwamba unaendelea kujifunza, kwa hiyo tunza vyeti, lakini uliza kwanza kama kozi hiyo inakubalika kwao kabla hujamaliza bando. Kozi hizi zitakunoa kichwa. Mikono itanolewa leba.

Jambo moja watu hawalihesabu kama mafunzo, nami naliona kubwa kuliko yote: namna mnavyozungumza baada ya tukio. Kituo kimoja, sikitaji, ampuli, vile vichupa vya dawa ya sindano, za dawa mbili zilizofanana zilikuwa zinakaa kwenye trei moja. Mwanafunzi akavuta kwenye bomba dawa isiyo yenyewe. Muuguzi wa zamu alikuwa na tabia ya kusoma jina la dawa kwa sauti kabla ya kuchoma, akaishtukia. Mama hakudhurika. Kesho yake kikaitishwa kikao, na ajenda ikawa nani aandikiwe barua. Yule mwanafunzi alilia kikao kizima. Trei haikuguswa hadi mama mmoja wa usafi, naam, wa usafi, alipouliza kwa nini zisitenganishwe. Baada ya kikao kile, nani angethubutu kuripoti nusura nyingine, yaani kosa lililogunduliwa kabla halijamdhuru mtu?

Na kuchanganya ampuli si kioja cha vijijini. Shirika la Afya Duniani limetoa tahadhari kuhusu traneksamiki, dawa ya kuzuia damu, kuchomwa mgongoni kwa kudhaniwa ni dawa ya ganzi, na baadhi ya waliochomwa hivyo wamekufa. Ile 5S, utaratibu wa kupanga sehemu ya kazi ulioanzia Hospitali ya Mbeya mwaka 2007, sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia, wengi wetu tumeifanya kazi ya kubandika lebo ukutani wakaguzi wanaovipa vituo nyota za ubora wakikaribia. Anzeni na trei ya dawa. Ukuta utasubiri.

Mwenzetu mmoja hapo juu aliuliza kuhusu orodha ya upasuaji, ile ya Shirika la Afya Duniani ya kukagua usalama wa mgonjwa anayepasuliwa, kwa vituo vya afya vyenye chumba cha upasuaji: ina vipengele 19, ilitoka 2008, na Ifakara yetu ilikuwa miongoni mwa hospitali nane duniani zilizoijaribu. Katika hospitali hizo vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Lakini isomwe kwa sauti, timu yote ikiwa imesimama. Nimeona fomu zinazojazwa tiki zote mgonjwa akiwa ameshafika wodini.

Fedha: tangu 2017/18 pesa za serikali zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Mkikaa kupanga bajeti ya mwaka, mazoezi ya kituoni yaingizwe kwenye mpango kama shughuli, yenye glovu, shuka za kupimia damu na chai. Kamati ya kituo ikielezwa vizuri haikatai. Wanakijiji ndio wanaozaa hapo.

Na mfawidhi wako usimfanye adui. Mpe yeye saa ya kushika kwenye zoezi la kwanza. Mkifanya la mtoto Jumatatu, la damu lisubiri wiki inayofuata, msiyachanganye mapema. Ukikwama kuhusu mdoli, nitumie ujumbe wa faragha, nitakuelekeza wa kumuona hapo wilayani.