Kuota mkaa ndani msimu wa baridi Njombe

Pole sana dada, nimekuelewa, unasema gunia la mkaa wa kuota linaisha kabla ya mwezi, nyumba bado baridi, halafu unajiuliza huo mkaa unamaliza misitu kiasi gani. Mi nimekaa Njombe miaka kadhaa, hiyo Juni na Julai naijua, asubuhi unatoka nje unakuta nyasi nyeupe kwa barafu.

Ukweli ni kwamba mkaa unakula miti mingi kuliko unavyoona, maana kwenye yale matanuru ya kufukia udongo kilo 1 ya mkaa inaweza kula kilo 6 mpaka 10 za kuni, nyingi zinapotea na moshi huko huko porini kabla gunia halijafika kwako. Ukipata mkaa wa miwati, miti ya kupandwa, ni afadhali kuliko wa miombo ya misitu ya asili, we muulize tu muuzaji.

Ila mi kupunguza mkaa nilianza na nyufa za nyumba. Chini ya mlango wangu kidole kilikuwa kinapita, nikakunja blanketi kuukuu nikaziba, baadaye nikapiga dari chumba cha kulala, basi mkaa ukapungua kweli. Usiku chupa ya maji moto kitandani, izungushie khanga isikuunguze.

Na tafadhali sana, jiko usilale nalo ndani, hata makaa yakiwa mekundu bila moshi, yanatoa hewa ya sumu (kaboni monoksidi) ambayo haina harufu. Mkisikia kichwa kinauma, kizunguzungu au kichefuchefu tokeni nje wote, muende hospitali usiku huo huo, msisubiri kuche.