Maswali na majibu: Ngozi imekauka, ndani bado

Maswali ya safari hii yote yametoka kwa watu waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito na ambao bado wamo katika wiki za mwanzo. Mengi yanauliza jambo lilelile kwa maneno tofauti, yaani mwandishi anajisikia vizuri na angependa kujua ni hatua gani anaweza kuiruka. Hayo nimeyajibu mahali pamoja. Nachukulia kwamba kila msomaji anajua alifanyiwa upasuaji wa aina gani: ule wa kukata mfuko wa chakula, ambao huondoa takribani asilimia 80 ya mfuko na kuacha mrija mwembamba, au ule wa kuunganisha utumbo mwembamba na kifuko kidogo cha juu, ambao hufanya chakula kiruke sehemu ya njia yake ya kawaida. Asiyejua amuulize aliyempasua kabla ya kufuata lolote humu, kwa sababu baadhi ya majibu hayafanani.

Nina siku 6 tangu nipasuliwe. Tangu jana moyo unapiga mara 125 kwa dakika hata nikiwa nimelala, na bega la kushoto linauma. Miadi yangu ni wiki ijayo. Nisubiri?

Usisubiri. Natumaini swali hili liliponifikia tayari ulikuwa hospitalini, kwa kuwa hili si jambo la kuandikia barua. Moyo kupiga zaidi ya mara 120 kwa dakika ukiwa umepumzika ni miongoni mwa dalili za mwanzo za kuvuja kwa mshono wa ndani, na wakati mwingine hutangulia homa na maumivu ya tumbo. Bonge la damu likiziba mshipa wa pafu nalo huanza hivyohivyo. Ni kweli kwamba gesi inayotumika kulitanua tumbo wakati wa upasuaji huwaumiza wengi mabegani siku za kwanza, lakini maumivu hayo hupungua siku hadi siku. Hayaanzi upya siku ya 5 na wala hayaandamani na moyo kwenda mbio. Ukifika mapokezi, sentensi yako ya kwanza iwe tarehe na aina ya upasuaji, maana mgonjwa anayetembea na kuzungumza vizuri ni rahisi kuwekwa mwisho wa foleni.

Siku ya 12 leo. Sina maumivu, vidonda vimekauka, njaa sina. Kuna ubaya gani nikila kipande cha kuku?

Swali hili limeletwa na watu wengi. Mmoja ametaja kuku, mwingine mkate, mwingine wali, na wote wametoa ushahidi uleule wa vidonda vilivyokauka. Vilivyokauka ni vitobo vichache vya ngozini. Ndani kuna mstari wa pini ndogo za chuma ambao, kwa aliyekatwa mfuko, unashuka karibu urefu wote wa kile kilichobaki, na ukuta ulioshikwa na pini hizo bado umevimba na haujapata nguvu zake. Kukosa maumivu hakukwambii chochote kuhusu mstari huo, kwa sababu viungo vya ndani havihisi jeraha kama ngozi inavyohisi. Wala njaa haiwezi kukuongoza. Homoni inayoamsha njaa hutengenezwa kwa wingi katika sehemu ya juu ya mfuko wa chakula, na kwa waliokatwa mfuko sehemu hiyo ndiyo iliyoondolewa, kwa hiyo unachokiita hamu ya kuku ni mazoea ya mdomo.

Utaratibu unaofuatwa na hospitali nyingi unafanana kwa ujumla: siku moja au mbili za vinywaji vyepesi na supu iliyochujwa; kisha vinywaji vizito, kama maziwa na unga wa protini, hadi mwisho wa wiki ya 2; kisha chakula kilichosagwa kikawa laini kabisa katika wiki ya 3 na ya 4; kisha chakula laini cha kutafunwa; na chakula cha kawaida kuanzia wiki ya 6 hadi ya 8. Hospitali yako ikikupa ratiba iliyo polepole kuliko hii, fuata ya hospitali yako. Ratiba ya rafiki aliyepasuliwa mwezi mmoja na wewe haikuhusu, hata kama yeye anakula nyama na anakutumia picha.

Kuku uliyemtaja ni chaguo baya zaidi ya mengi, kwa kuwa nyama ya kifua ni kavu na ina nyuzi. Ikikwama, utahisi uzito mkubwa nyuma ya mfupa wa kifua, kisha mate yatajaa mdomoni, yatageuka povu jeupe zito ambalo utalitema kwa robo saa au zaidi, na mwisho utatapika. Kutapika kwa nguvu siku ya 12 ndiko tunakokuhofia, na ndiko kunakoweza kukurudisha chumba cha upasuaji.

Je, soda isiyo na sukari inaruhusiwa?

Hapana. Sukari ni nusu ya tatizo. Nusu nyingine ni gesi, ambayo haina mahali pa kutanukia.

Maji yananichefua. Kwa siku nafikisha vikombe viwili tu. Je, chakula cha majimaji hakitoshi?

Swali hili limenifurahisha kwa sababu ni wachache wanaouliza kuhusu maji, ingawa upungufu wa maji ni miongoni mwa sababu za kawaida kabisa zinazowarudisha watu hospitalini katika wiki hizi. Vinywaji vizito unavyopewa vinahesabika, lakini hesabu yote inapaswa kufika angalau lita 1.5 kwa siku, na vikombe viwili viko mbali sana na hapo. Kosa ni kujaribu kunywa kama zamani, kikombe kizima kwa mkupuo, kisha kukata tamaa kinapouma. Chukua kikombe kidogo cha kupimia dawa chenye mililita 30. Kijaze kila robo saa na ukimalize kwa mafunda mawili matatu madogo. Kwa saa moja umepata mililita 120, na kwa saa 13 za kuwa macho umeipita lita moja na nusu bila kushindana na tumbo. Wapo wanaochefuliwa na maji baridi wakayaweza ya vuguvugu, na wapo wa kinyume chake; jaribu yote mawili kabla ya kusema maji yamekushinda. Chakula cha kijiko kikishaanza, acha nusu saa ipite baada ya kula ndipo unywe, la sivyo vyote viwili vitagombea nafasi ambayo haipo.

Mkojo ukiwa na rangi iliyokolea, mdomo ukikauka na kichwa kikizunguka unaposimama, umekwisha kuchelewa. Ukishindwa kabisa kubakisha maji tumboni kwa siku nzima, nenda ukawekewe dripu. Hapa naongeza onyo ambalo hukuliomba. Akiba ya vitamini B1 mwilini ni ya wiki mbili hadi tatu tu, na mtu anayetapika kila siku huimaliza upesi. Akianza kuona vitu viwili viwili, kuyumba anapotembea au kuchanganyikiwa, ubongo wake unaumia na huenda usirudi kama ulivyokuwa. Vitamini hiyo inapaswa kutangulia dripu ya sukari, kwa kuwa sukari humaliza kile kidogo kilichobaki. Mwambie daktari wa zamu kwamba umepasuliwa na umekuwa ukitapika. Si kumfundisha kazi. Huenda hajakutana na mgonjwa wa aina yako mwaka mzima.

Niko wiki ya 3. Mizani imeganda kwa siku 8, haijashuka hata nusu kilo. Je, upasuaji umeshindwa?

Haujashindwa, na wasomaji wa siku nyingi wanajua nitakaloliandika kuhusu mizani. Siku za mwanzo mwili hutumia akiba ya sukari iliyo kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo imefungamana na takribani gramu 3 za maji. Maji hayo yanapotoka uzito hushuka kwa kasi inayomfurahisha kila mtu. Kisha mwili husawazisha maji yake, na mizani husimama kwa siku kadhaa au wiki mbili huku mafuta yakiendelea kupungua. Jambo hili huwapata wengi karibu na wiki ya 3, tena hujirudia baadaye.

Ninachokiogopa ni hatua inayofuata. Mtu aliyeona mizani imesimama huamua kupunguza hata kile kidogo anachokula, anaacha kinywaji cha protini cha jioni, anaanza kutembea mbio, na baada ya mwezi analalamika kwamba hana nguvu za kupanda ngazi. Alichopunguza hapo ni misuli. Katika wiki hizi 6 za kwanza mizani haina uamuzi wowote wa kukusaidia kuufanya, kwa hiyo ipandwe mara moja kwa wiki, na kama huwezi kujizuia, basi iwekwe nyumbani kwa mtu mwingine. Hesabu mbili za kuandika kila jioni ni mililita ulizokunywa na gramu za protini ulizokula.

Nimeambiwa nipate gramu 60 za protini kila siku. Kwa mfuko mdogo hivi, zitatoka wapi?

Wengi huambiwa kati ya gramu 60 na 80, na katika wiki za kwanza haziwezekani bila unga wa protini, kwa hiyo waache wanaokwambia unga huo ni wa wanaonyanyua vyuma. Kipimo kimoja cha unga kwa kawaida kina gramu 20 hadi 25. Yai moja lina takribani 6, na glasi ya maziwa ya mililita 200 ina karibu 7. Ukifika hatua ya chakula laini, protini ndiyo inayotangulia kwenye sahani, na vingine vifuate nafasi ikibaki.

Namna ya kula ina uzito kuliko orodha ya vyakula. Liponde yai lililochemshwa, changanya na mtindi kidogo lisiwe kavu, na ulile kwa kijiko cha chai. Kila kijiko kitafunwe hadi kiwe uji, kijiko kiwekwe mezani, na dakika nzima ipite kabla ya kingine. Yai hilo litakuchukua dakika 20, na huenda usilimalize. Alama ya kushiba nayo si ile uliyoizoea. Wengine hupata kwikwi moja, wengine pua huanza kutoa makamasi membamba, wengine huvuta pumzi ndefu bila kukusudia. Ijue yako, na ikija, kijiko kimoja zaidi ni kingi.

Nilikunywa juisi ya matunda. Baada ya dakika 20 nikatokwa jasho, moyo ukaenda mbio na nikaharisha. Nina mzio?

Si mzio. Umeunganishwa utumbo, na sukari ya juisi imemwagika kwenye utumbo mwembamba kwa mkupuo, ukavuta maji kutoka kwenye damu. Lala kidogo, itapita. Juisi iache, hata ile ya kukamuliwa nyumbani.

Kichwa kiliniuma nikameza ibuprofeni niliyokuwa nayo kabatini. Kuna shida?

Kidonge kimoja kimekwisha kupita. Ondoa vilivyobaki kabatini leo, pamoja na diklofenaki na aspirini isiyoandikwa na daktari. Kwa aliyeunganishwa utumbo, dawa hizi huchimba vidonda pale penye kiungo, na sigara hufanya kazi hiyohiyo. Maumivu ya kawaida yanatosha parasetamoli. Maadamu tumefungua kabati, tazama pia dawa zako za zamani. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, na anayetumia dawa za presha, hasa zile za kuongeza mkojo, hawezi kuendelea na dozi ya kabla ya upasuaji huku akila robo ya chakula chake. Sukari au presha itamwangusha. Dozi mpya aipange daktari; usijipangie mwenyewe.

Vitamini za kutafuna zimenichosha. Nitaziacha baada ya mwezi wa ngapi?

Hakuna mwezi huo. Ukiunganishwa utumbo, ni za maisha yote, na waliokatwa mfuko nao wasijidanganye. Madini ya chuma na kalisi yasimezwe pamoja. Acha saa 2 katikati, kwa kuwa kimoja humzuia mwenzake kuingia kwenye damu.

Mume wangu na mimi tunatamani mtoto. Hedhi yangu haikuwa ya kawaida kwa miaka, kwa hiyo sina haja ya kujikinga kwa sasa, sivyo?

Sivyo kabisa. Uzito unapoanza kushuka, mayai yaliyolala kwa miaka huweza kuamka ndani ya miezi michache, na wengi wameshtukia mimba kwa hesabu kama yako. Ushauri wa kawaida ni kusubiri miezi 12 hadi 18, hadi uzito utulie na akiba ya vitamini ijae. Vidonge vya uzazi wa mpango haviaminiki kwa aliyeunganishwa utumbo wala kwa anayetapika, kwa hiyo jadili na daktari njia isiyopitia tumboni, na mlijadili kabla ya kurejea kitandani.

Mtoto wangu wa miaka miwili analia nimbebe. Nina wiki ya 2.

Mtoto wa umri huo ana kilo 12 hivi, na madaktari wengi hukataza kunyanyua zaidi ya kilo 5 hadi 7 kwa wiki 4 hadi 6, kwa hofu ya ngiri kwenye vitobo vya upasuaji. Kaa kwenye kochi, weka mto tumboni, apande mwenyewe na akae ubavuni. Ukatazo huo haukuruhusu kulala mchana kutwa. Tembea ndani ya nyumba kila saa ukiwa macho, na shavu la mguu mmoja likivimba au kuuma kuliko la pili, usilikande wala kulipaka dawa ya kuchua. Nenda hospitali siku hiyohiyo.