Lia, akuone

Mwanangu,

Umeniuliza kama ni vibaya mtoto wa marehemu dada yako kukuona ukilia. Unasema unaingia bafuni, unafungulia maji ili asisikie, kisha unatoka umenawa uso. Nilicheka kwa uchungu niliposoma, maana mbinu hiyo umeirithi kwangu.

Baba yenu alipofariki ulikuwa na miaka 5. Nilikuambia amesafiri, nikidhani nakupunguzia mzigo. Kumbe kila hodi ilipopigwa ulikimbilia mlangoni, na kila jioni ukanirudia na swali lile lile, hadi siku moja nikakukaripia. Ukanyamaza. Mwishowe dada yako, naye mtoto tu wa miaka 10, ndiye aliyekuketisha akakuambia ukweli. Ulikuwa mtu mzima uliponieleza kwamba siku zote zile ulidhani baba ameondoka kwa sababu ulivunja redio yake, na kwamba mimi nililijua hilo, ndiyo maana nilikuwa mkali. Mtoto asiyeambiwa hutunga sababu yake mwenyewe, na mara nyingi mkosaji huwa ni yeye.

Basi mjukuu wangu mwambie mama amekufa. Usiseme amelala, ataogopa kufumba macho, na wewe ukisinzia atakutikisa. Mwambie mwili wa mama umeacha kufanya kazi, haumwi tena, wala hatarudi. Atauliza tena kesho na keshokutwa. Si kwamba hakusikia. Katika umri wake kifo huingia akilini kidogo kidogo.

Unasema analia kidogo kisha anaomba mpira, na inakuudhi. Usimlaumu, watoto huomboleza kwa vipande. Akirudia kukojoa kitandani, au akikuandama hadi mlango wa choo, ni huzuni hiyo hiyo. Tumbo pia humuuma mtoto kwa huzuni (lisipotulia mpeleke kwa daktari, si kila kitu ni msiba). Swali analolizungukazunguka ni hili: mama mdogo naye akifa, nitabaki na nani? Mjibu kwa kumtajia watu.

Kwa hiyo lia mbele yake. Mwambie unamkumbuka mama yake, kwamba hakukosa lolote, na kwamba chakula cha usiku utapika kama kawaida. Kile kilio kisichoshikika nipigie mimi, hata usiku wa manane. Nimemzika niliyemzaa, mwanangu. Simu yako haitaniamsha.

Mama yako