Wageni wa UDOM, Zanzibar Isubiri Kwanza

Wanafunzi wapya wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kutoka nje wakishapata chumba na kibali cha ukaazi, swali linalofuata ni lile lile: nauli ya Zanzibar ni kiasi gani? Si swali baya. Tangu Julai 2024 treni ya umeme inafika Dodoma, kwa hiyo ukiondoka asubuhi, mchana uko Dar unatafuta boti. Ila mimi Mkenya ninayesoma mwaka wa mwisho hapa nawaambia, muhula wa kwanza tembeeni Dodoma yenyewe, tena mtembee na mwenyeji. Dodoma haina bahari. Ukishuka Nyerere Square peke yako utaitazama sanamu ya Mwalimu, utanunua maji, utarudi hosteli ukisema mji hauna kitu.

Anzeni na mnada wa Msalato, Jumamosi. Uko barabara ya Kondoa, daladala zipo. Msichelewe sana, mfike mbuzi na ng'ombe wakiwa bado wanabishaniwa bei. Nyama hapo hainunuliwi kwa sahani. Unaonyesha paja au mbavu zilizoning'inizwa, zinapimwa kwa kilo, ndipo unampelekea mchomaji, na mtu wenu mmoja anabaki pale pale motoni mpaka iive, maana nyama isiyo na mwenyewe karibu huwa inapungua. Ikiiva inakatwakatwa juu ya sinia, chumvi pembeni, pilipili pembeni, mnazunguka na kula kwa mikono. Aliyezoea kula na sahani yake peke yake atashiba mara ya pili.

Simu ibaki mfukoni kwanza. Mzee wa Kigogo, kabila la wenyeji wa hapa, aliyeleta ng'ombe wake sokoni hakuja kuwa kivutio cha watalii. Mwamkieni shikamoo, muulizeni habari za mvua na mifugo, kisha ombeni picha. Akikataa, yamekwisha. Wakenya wenzangu, hili linatuhusu zaidi: sisi tunaanza na shida halafu salamu, hapa ni kinyume chake, hata kwa muuza vocha.

Muziki wa Kigogo nao usiwapite. Hukwe Zawose, mwanamuziki aliyeifikisha ilimba, ala ya vibao vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba, kwenye majukwaa ya Ulaya, alizaliwa mkoa huu huu. Zeze na ilimba mtavisikia, lakini kilichonishika mimi ni muheme, ngoma zinazopigwa na wanawake, kila mmoja kaibana ngoma yake kwa magoti, na wakichanganya ardhi yote inasikika miguuni. Ulizieni tarehe za tamasha la muziki la Chamwino, au mwombeni mwanafunzi mwenye kwao vijijini awachukue siku ya sherehe. Huko mtakaribishwa ugali wa mtama na mlenda, mboga ya majani inayoteleza. Msianze kuuvuta mlenda kwa vidole huku mkicheka mbele ya mama aliyeupika.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna atakayewaeleza siku ya kupokelewa chuoni: michango. Siku moja utajikuta umeingizwa kwenye kundi la WhatsApp la send-off, sherehe ya kumuaga bibi harusi, ya dada wa mtu unayesoma naye, na humo hesabu zinatajwa kwa majina. Msitoke kimya kimya. Kama mfuko hauruhusu, mtafute mhusika pembeni umwambie ukweli, toa kidogo ulichonacho. Kadi ya mwaliko itakuja, ya mtu mmoja au ya wawili, na usiku huo ukumbini utajifunza zaidi kuhusu familia za Kitanzania kuliko semina yoyote. Vaeni vizuri. Watanzania kwenye sherehe hawafanyi mzaha na nguo.

Safari ndefu ya kwanza iwe Kolo, wilaya ya Kondoa, kiasi cha kilomita 180 kaskazini. Barabara ni lami, mabasi ya Babati na Arusha yanapita. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingia kwenye urithi wa dunia mwaka 2006: watu wembamba warefu wenye vichwa vya ajabu, twiga, tembo, vyote kwa rangi nyekundu. Jiandikisheni ofisini pale Kolo, mpande na mwongozaji. Msiguse ukuta, na asiwepo wa kumwagia michoro maji ili picha ing'ae, ndivyo inavyoharibika. Baadhi ya mapango wenyeji bado wanafanyia matambiko. Mkikuta dalili za tambiko, piteni kwa adabu, kama mngepita mlangoni pa msikiti au kanisa.

Bebeni pasipoti na kitambulisho cha chuo, maana kiingilio cha mgeni si sawa na cha Mtanzania. Njia ya kupanda ina mawe, ndala ziacheni hosteli. Na mwende kabla mvua za Desemba hazijakolea, la sivyo subirini mpaka Mei.